Mbigili Juu ya Viti vya Aldersyke

Katika jumba la Aldersyke hatuweki kibao cha kumkataza mgeni asikae. Tunaweka mbigili. Kichwa kimoja kikavu cha mbigili, chenye miiba pande zote, kikubwa kama yai la bata, katikati ya kila kiti. Mgeni akikiona ameelewa, na hakuna aliyefokewa. Watu wa kwetu Yorkshire, na nadhani Waingereza wote, hupenda kukatazwa namna hiyo, bila mtu kufungua mdomo.

Mbigili hizo nazichuma mimi kila mwisho wa kiangazi kwenye mtaro nyuma ya zizi, nazikausha darini. Naitwa Len Garbutt. Niliacha shule mapema nikaja hapa kubeba makaa ya mawe, na nimezeekea hapa hapa, sasa naitwa mtunza nyumba. Kazi ni ile ile, ila makaa hakuna tena.

Viti ninavyovisema ni vya chumba cha kulia. Ni vya mahogani, kumi na viwili vya kawaida na viwili vyenye mikono, vya tangu enzi ya Mfalme George wa Pili. Migongo imechongwa kama utepe uliofungwa ukalegezwa, na miguu ya mbele inaishia kwenye kucha za ndege zilizoshika mpira. Mbao zilitoka Jamaika, zikakatwa na watumwa ambao hawakuketi hata mara moja juu ya kitu kama hicho. Bango dogo ukumbini linasema hivyo. Wageni hulisoma, hutikisa kichwa, kisha huenda kula keki.

Kiti cha namna hiyo hukiinui kwa mgongo. Unavaa glavu, unainama, unashika fremu ya chini pande zote mbili, unakinyanyua kama unavyomnyanyua mtoto mgonjwa. Mgongo umeshikiliwa na gundi iliyokwisha nguvu kabla babu yangu hajazaliwa.

Vyote hivyo vilikuwa mali ya Bwana Aubrey Thirlby. Baba yake alipokufa, kodi ya urithi ilikuwa kubwa kuliko paa, na paa lenyewe lilikuwa linavuja. Akaikabidhi nyumba kwa wadhamini wa majumba ya kale, pamoja na kila kilichokuwa ndani. Wakamwachia vyumba viwili juu ya jiko la zamani, akae humo mpaka kufa, ilimradi asiwe hatari kwa mkusanyiko. Mkusanyiko ndilo jina vililopewa vitu vyake siku vilipoacha kuwa vyake.

Kwa miaka mingi hakuwa hatari kwa mtu wala kitu. Alitembea bustanini, alisoma gazeti, alisalimia wageni waliodhani ni mgeni mwenzao. Kisha mkewe akafa, naye akaanza kusahau. Kwanza alisahau majina ya mbwa waliokufa. Halafu akasahau kwamba nyumba si yake.

Mwaka huo, kuanzia majira ya kuchipua, akawa anashuka kwenye chumba cha kulia saa za wageni na kuokota mbigili. Alizitia mfukoni mwa koti kama mtu anayesafisha makombo.

"Garbutt," akaniita siku moja, "nani ameweka magugu kwenye viti vyangu?"

"Mimi, Bwana Aubrey."

"Umerukwa na akili?"

"Ni kwa sababu ya wageni, bwana."

"Mgeni gani anakalia magugu?"

"Ndiyo maana hasa. Wasikae."

"Sasa umewaalika wa nini kama hutaki wakae?"

"Sikuwaalika mimi. Wamelipa."

"Wamelipa!" Akacheka hadi akashika meza. "Mama yangu angesikia hilo angekufa mara ya pili. Toa hayo magugu, Garbutt, kabla hujatuaibisha."

Nikayatoa. Alipopanda juu nikayarudisha.

Kuna jambo moja zaidi linalomhusu, na wote pale tulilijua. Bwana Aubrey hakukaa kamwe ikiwa kuna mwanamke aliyesimama. Alilelewa hivyo, na lilikuwa limemwingia kuliko jina lake. Doreen, mke wangu, ndiye mpishi wa mkahawa wetu ulioko kwenye zizi la zamani la farasi, na jioni alikuwa akimpelekea chakula. Akiweka sinia mezani, mzee anasimama. Magoti yanamtetemeka, supu inapoa, yeye kasimama.

"Kaa ule, Bwana Aubrey."

"Baada yako, Bi Garbutt."

"Mimi nina vyombo vya kuosha!"

"Basi nitasubiri uende."

"Nikienda hutakula, nakujua."

Mwishowe Doreen akagundua dawa. Alikuwa anakalia sanduku la makaa dakika mbili tatu, na sinia tupu mapajani, mpaka mzee aketi na kushika kijiko. Kisha ananyemelea mlango kama mwizi. "Nimeolewa na mwanamume mmoja," aliniambia, "na wa pili ananikalisha juu ya sanduku." Lakini hakukosa jioni hata moja.

Msimamizi wa jumba anaitwa Philippa. Alikuja kutoka kusini, amesomea vitu vya kale, na hataki kuitwa bibi wala madamu. Philippa tu. Mwishoni mwa Oktoba aliniita ofisini, akanimiminia chai mwenyewe. Nikajua mambo si mazuri.

"Len, ametoa mbigili tena jana. Mtoto karibu arukie kiti."

"Hakurukia."

"Karibu arukie. Wadhamini wameshaniandikia. Ikitokea tena msimu huu, itabidi aende."

"Aende wapi?"

"Kuna nyumba ya wazee Seathwick, pwani. Ni safi. Nimekwenda kuiona."

"Atakufa huko."

"Len, ana miaka themanini na minne. Atakufa popote." Akaona haya mara tu baada ya kusema. "Samahani. Mimi si mtu mbaya."

"Sijasema."

"Umefikiri."

Kwa kweli hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Mtu mbaya ungemchukia ukapata nafuu.

Akanieleza walichokubaliana. Jumapili tunafunga mpaka Machi, kama kila mwaka. Tunafunika viti kwa mashuka, tunateremsha mapazia, tunasema tumeilaza nyumba. Wakati wa baridi hakuna wageni, na mzee anaweza kutembea atakavyo. Kabla ya kufungua tena watatengeneza mlango mpya chini ya ngazi yake na kumtafutia mtu wa kukaa naye mchana. "Nimelipigania hilo," alisema. "Lakini wamesema ikitokea tena kabla ya kufunga, mpango umevunjika. Mfikishe tu Jumapili, Len. Nakuomba."

Kwa hiyo kazi yangu ikawa hiyo: kumfikisha Bwana Aubrey Jumapili jioni bila kugusa kiti.

Nilishinda naye. Doreen alishinda naye nilipokuwa nimeshikika. Tulicheza karata, nikamwacha anishinde, kisha nikagundua hakuhitaji kuachiwa. Jumamosi ikapita. Jumapili asubuhi ilianza kunyesha, na mvua ya huko kwetu ikishaamua haina haraka. Nilifurahi, nikidhani wageni hawatakuja. Nilikosea. Mvua ikinyesha Jumapili watu hawana pa kwenda, wanakuja kuangalia viti.

Baada ya chakula cha mchana mzee alikuwa amekaa karibu na moto, redio inatangaza mbio za farasi, macho yanafumba. Doreen alikuwa mkahawani, foleni imefika nje ya mlango. Simu ikalia. Philippa.

"Len, mfereji wa paa umeziba. Maji yanaingia maktaba. Yanashuka kwenye vitabu!"

"Mwite mtu mwingine."

"Nani? Niambie nani, nimwite."

Hakukuwa na mwingine. Nilimwangalia mzee, alikuwa amelala, mdomo wazi. Niliuangalia mlango, ufunguo ulikuwa upande wa nje. Philippa aliniuliza baadaye kwa nini sikuuzungusha. Nilimwambia ukweli, kwamba simfungii mtu kwa ufunguo nyumbani kwake. Akasema si nyumbani kwake. Hapo tukaishia.

Nikapita chumba cha kulia nikamwambia Bi Winifred, mjane wa daktari wa mifugo, anayejitolea kukilinda chumba hicho Jumapili, "Mzee akishuka, nipigie mara moja." Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na kiti chake cha kukunja na soksi anayofuma. Chumba kilikuwa kimejaa watu waliolowa, wamesimama nyuma ya kamba, wakinong'ona kama kanisani.

Nilikaa juu ya paa muda mrefu, mkono mmoja ndani ya mfereji hadi kiwiko, natoa majani na njiwa aliyekufa. Maji yalipoanza kushuka yanakotakiwa, nikateremka. Simu yangu haikuwa imelia.

Nilipofika mlango wa chumba cha kulia nilidhani macho yananidanganya. Kamba ilikuwa chini. Viti vyote kumi na viwili vilikuwa na watu. Watu wenye makoti ya mvua, wenye mabegi mgongoni, mwanamume mmoja aliyevaa kaptura ya baiskeli, mama mmoja mzee mwenye fimbo. Kwenye kimoja cha vile vyenye mikono, upande wa mbali, alikuwa msichana mjamzito. Walikuwa wamekaa wima, mikono mapajani, kimya, kama watoto walioitwa kwa mwalimu mkuu. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye makoti kwenda kwenye mahogani.

Bwana Aubrey alikuwa amesimama kwenye kichwa cha meza, nyuma ya kiti chake, mikono imeshika mgongo wa kiti hicho. Hakuwa ameketi kwa sababu Bi Winifred alikuwa amesimama. Na Bi Winifred alikuwa amesimama kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa mbigili. Mzee alikuwa amezikusanya zote akampa azishike, kama maua.

"Barabara ya juu nyikani ni mbaya sana wakati huu," alikuwa anamwambia mwenye kaptura. "Farasi wako wamefikaje?"

"Vizuri tu, asante," akajibu yule.

Nikamsogelea Bi Winifred. "Imekuwaje?"

"Alimwona yule mama mwenye fimbo amesimama," alininong'oneza. "Akamwuliza kama hakuna aliyemkaribisha kuketi. Akaomba radhi kwa baridi ya chumba. Akatoa mbigili, akamvutia kiti. Yule mama naye angefanyaje? Akakaa. Kisha mzee akamvutia mwingine."

"Na wewe ukawaangalia tu!"

"Ningesemaje, Len? Mbele ya watu? Ni nyumba yake."

"Si nyumba yake!"

"Haya, basi mwambie wewe."

Nilimwangalia mzee. Nimemjua tangu nikiwa na chunusi usoni, na sijui kama nimewahi kumwona na uso ule tangu mkewe azikwe. Mgongo umenyooka. Macho yanakwenda kutoka kwa mgeni mmoja hadi mwingine, anahakikisha kila mtu ana wa kuzungumza naye. Na wale watu, wote walijua. Ungeona usoni. Walijua viti si vya kukaliwa na mzee hayuko sawa, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama na kumuumbua. Wangekaa pale hadi Jumatatu.

"Garbutt!" akaniona. "Umelowa. Hata hivyo, waambie jikoni walete supu."

Hapo nikapata wazo.

"Supu iko tayari, Bwana Aubrey," nikasema kwa sauti. "Ila leo imeandaliwa kwenye zizi. Kuna moto mkubwa zaidi huko."

Akafikiri. "Kwenye zizi?"

"Kwa ajili ya wenye nguo mbichi, bwana."

"Jambo la busara." Akawageukia. "Rafiki zangu, inaonekana tutakula na farasi."

Wakacheka, cheko la watu waliofunguliwa kamba. Nikapita nyuma yao nikinong'ona: simama polepole, usiegemee, usishike mikono ya kiti, kiache kilipo. Mmoja mmoja wakasimama. Mama wa fimbo nikamshika mwenyewe. Yule mjamzito akainuka kama hewa. Viti vyote vilikuwa salama. Nilianza kufikiri kwamba nitapangusa maji, nitarudisha mbigili, Bi Winifred hatasema, na baada ya saa moja tutafunga milango.

Wa mwisho alikuwa mwanamume mnene wa makamo, mwenye uso mwema, koti la kijani. Alisimama polepole kama nilivyomwambia. Kisha akafanya alichofundishwa na mama yake tangu utotoni, kile kile nilichofundishwa na mama yangu. Ukiondoka mezani unarudisha kiti mahali pake. Akageuka, akakishika mgongo kwa juu, akakiinua kidogo ili asikwaruze sakafu, akakisukuma. Ukucha wa mguu wa mbele ukanasa kwenye zulia.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama kuvunja kijiti. Ubao wa juu wa mgongo, ule uliochongwa utepe, ukabaki mkononi mwake.

"Samahani," akasema. "Samahani sana. Jamani, samahani."

"Samahani," akasema Bi Winifred. Mama wa fimbo naye akasema samahani. Mimi pia nilisema, sijui nilikuwa namwambia nani.

Philippa alikuwa mlangoni, nywele zimelowa, amekumbatia vitabu vya maktaba.

Niliwahi kabla hajafungua mdomo. "Ni mimi," nikasema. "Nilitoa mbigili ili nipanguse viti. Nikaitwa paani nikazisahau. Wageni hawakujua. Mzee amekuta wameshakaa."

Aliniangalia. Alijua nadanganya, na nakuapia, alikuwa tayari kuupokea ule uongo. Niliona mabega yake yakishuka. Angeandika hivyo, mimi ningekatwa mshahara au ningefukuzwa, na mzee angepata majira yake ya baridi.

"Upuuzi mtupu, Garbutt," akasema Bwana Aubrey.

"Bwana Aubrey, tafadhali..."

"Hapana. Siwezi kumwacha mtu wangu abebe lawama yangu." Akapiga hatua mbele, akamwinamia Philippa kidogo. "Bibi, hawa ni wageni wangu. Mimi ndiye niliyewakaribisha wakae, wote, na ningefanya hivyo tena. Kiti ni kiti tu, kitatengenezwa. Wewe umelowa. Tafadhali keti."

Akamvutia kiti.

Chumba kizima kilisikia. Mmoja wa wadhamini alikuwa miongoni mwa wageni waliosimama ukumbini, na mkewe. Philippa alikiangalia kile kiti, akamwangalia mzee, na machozi yakamtoka. Hakukaa.

Walimpeleka Seathwick kabla ya wiki kuisha. Alidhani anakwenda kutembelea watu. Alitushika mikono sote uani, Doreen, mimi, Philippa, akamwambia Philippa kwamba amefurahi sana kwa kuja kwake. "Garbutt," aliniambia mlangoni pa gari, "wakija watu, usiwaache wasimame."

Seathwick ni safi, Philippa alisema kweli. Chumba cha kukaa kina madirisha yanayoangalia bahari ya kijivu, na viti vya plastiki laini vinavyopanguswa. Nilipokwenda mara ya kwanza nilimkuta amesimama katikati ya chumba, mkono juu ya mgongo wa kiti. Wazee wengine wote walikuwa wameketi.

"Ana kichwa kigumu huyu," muuguzi mmoja, Janine, aliniambia huku akipita na ndoo. "Kutwa kasimama. Miguu imevimba kama mikate. Tunamkalisha, anainuka."

"Ni kwa sababu yenu."

"Yetu? Tumemfanya nini?"

"Mmesimama. Hawezi kukaa kama kuna mwanamke amesimama. Kaeni kidogo, naye atakaa."

Alisimama akanitazama, ndoo mkononi. Alikuwa binti mdogo, amechoka. "Kaka yangu," akasema, "tuko wawili kwa wazee wote hawa. Nikikaa mimi, nani atawaosha?"

Doreen alikuwa akienda siku yake ya mapumziko, anakaa mbele yake mchana mzima na kufuma, na mzee anakaa. Siku nyingine zote wauguzi walipita huku na huku, naye alisimama. Walimwongezea dawa ya kumtuliza. Akawa anasimama huku anasinzia. Januari alianguka, nyonga ikavunjika, na baada ya hapo hakuinuka tena.

Kiti kilitengenezwa. Walikipeleka kwa fundi, kikarudi Machi kimefungwa blanketi, nikakiweka mahali pake. Philippa aliinama kukiangalia, akasema alama haionekani. Niliiona. Nikaweka mbigili juu yake, tukafungua milango.

Jumatatu, siku ambayo hatupokei wageni, nilikwenda Seathwick kumwambia. Alikuwa amekonda, kichwa kidogo sana kwenye mto.

"Kiti chako kimerudi, Bwana Aubrey. Wamekitengeneza."

Alinitazama. Sidhani alinijua. "Nani amekikalia?"

"Hakuna, bwana."

"Basi hawajakitengeneza," akasema, akafumba macho.

Janine akaingia na sinia. Mzee akafumbua macho, akamwona amesimama. Akaanza kusukuma shuka kwa mkono. Niliona mishipa ya shingo ikimsimama, bega likainuka kidogo kutoka kwenye mto, kisha likarudi. Akajaribu tena.

"Niwie radhi, bibi," akamwambia. "Naona siwezi kusimama."

"Wala usijali, babu," akasema Janine, akaweka sinia, akatoka kwenda kwa mwingine. Alipopita tena mlangoni na shuka chafu, mzee alimwomba radhi upya. Saa ya kutazama wagonjwa ilipokwisha niliondoka, na kutoka kwenye ngazi nilikuwa bado namsikia.